Neno "Uhuru" Katika Orodha ya Nyota



Wapendwa wanaparokia, pamoja na ninyi nyote mnaotusoma mkiwa mbali na nyumbani, juma hili tunawaalika tuifuate historia ya neno moja. Neno lenyewe ni uhuru. Kwetu halihitaji tafsiri. Tulilipokea tarehe 9 Desemba 1961, na jirani zetu wa Kenya wakalipokea miaka miwili baadaye, tarehe 12 Desemba 1963. Tumeviita kwa jina hilo viwanja, barabara, shule na hata kilele cha Mlima Kilimanjaro. Lakini liko pahali pengine lilipoandikwa, ambapo wachache miongoni mwetu wanapajua. Limo katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote. Mwanafunzi wa elimu hiyo, awe Tokyo au Chicago, akikutana na kitu cha angani ambacho namba yake inaanza na 4U, anasoma herufi ya kwanza ya neno letu. Nne ni toleo la nne la orodha. U ni Uhuru.

Vijana wetu hutuuliza mara kwa mara kama mambo haya ya anga yanatuhusu sisi watu wa Singida, au ni habari za wenzetu walio na fedha na vyombo. Swali hilo si dogo, kwa maana anayeamini kwamba elimu fulani si yake hataitafuta, na asipoitafuta kweli haitakuwa yake. Kwa hiyo hatutajibu kwa maneno matupu. Tutasimulia habari ya galaksi moja ya mbali, na jinsi ilivyokuja kukutana na Bahari ya Hindi.

Tuanze na galaksi yenyewe. Usiku wa tarehe 17 Machi 1787, William Herschel, mwanamuziki aliyegeuka kuwa mtazama nyota, alikuwa akiipekua mbingu ya Uingereza kwa darubini aliyoiunda kwa mikono yake. Akaona kiwingu kidogo cha nuru chenye kitovu kinachong'aa. Alikiandika katika daftari kama alivyoandika vingine vingi, akaendelea na kazi. Mwaka 1888, J. L. E. Dreyer, aliyekuwa mkuu wa kituo cha kutazamia nyota cha Armagh huko Ireland, alichapisha orodha kuu ya vitu vya namna hiyo, na kiwingu kile kikapata namba 4151. Tangu hapo kinajulikana kwa jina la NGC 4151. Jina kavu kabisa, lakini limebeba mengi.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba ni lazima mtu aende Ulaya ili aielekee galaksi hii. Mwezi Mei, mvua zikiwa zimekwisha na anga la Singida likiwa limeanza kutakata, simama pale Utemini yapata saa tatu usiku, uelekeze uso kaskazini. Utaziona nyota saba za Dubu Mkubwa zikiwa zimeinama juu ya upeo wa macho. Panda juu kidogo, karibu na nusu ya njia kati ya upeo na utosi wa anga. Hapo ndipo ilipo, katika kundi dogo la nyota liitwalo Mbwa wa Uwindaji. Jicho tupu haliwezi kuiona, ila darubini ya kiasi inaweza. Mbingu iliyo juu ya Utemini inaitunza sawasawa na mbingu iliyo juu ya London, na pengine kwa usafi zaidi.

Kwa zaidi ya miaka mia moja hapana aliyejua kwa hakika viwingu hivi ni nini. Mwaka 1845, William Parsons wa Ireland alitambua kwamba kimojawapo, katika kundi lilo hilo la Mbwa wa Uwindaji, kina mikono inayojipinda kama maji yanayozunguka yakishuka shimoni. Wengine wakasema ni mawingu ya hewa yaliyo karibu, ndani ya mkusanyiko wetu wa nyota. Wengine wakasema ni mikusanyiko mingine iliyo mbali mno. Mwaka 1920 wataalamu wawili wa Marekani, Harlow Shapley na Heber Curtis, walisimama mjini Washington kuijadili hoja hiyo, wala hawakuafikiana. Aliyeikata shauri ni Edwin Hubble. Tangu mwaka 1923, kwa kutumia kanuni iliyogunduliwa na Henrietta Leavitt, mwanamke aliyelipwa ujira mdogo kuhesabu nyota katika picha za vioo, Hubble alionyesha kwamba kiwingu cha Andromeda kiko nje kabisa ya mkusanyiko wetu. Viwingu vile vilikuwa galaksi, kila moja ikiwa na mabilioni ya nyota.

Mwaka 1926 Hubble alizipanga galaksi kwa maumbo yake. Akaona kwamba zile zenye mikono iliyojipinda ni za namna mbili. Katika namna ya kwanza mikono inaanzia kwenye kitovu cha duara. Katika namna ya pili nyota za katikati zimejipanga kama boriti iliyolazwa, na mikono inaanzia kwenye ncha za boriti hiyo. NGC 4151 inawekwa kati ya namna hizo mbili, kwa kuwa boriti yake ni pana na dhaifu, na mikono yake miwili ya nje ni hafifu hata picha zisizopigwa kwa uvumilivu haziionyeshi vema. Tukumbuke pia kwamba galaksi yetu wenyewe, ile ambayo utepe wake mweupe unavuka anga la kijijini usiku usio na mwezi, nayo ina boriti. Wazo hilo lilitolewa na Gérard de Vaucouleurs mwaka 1964, na vipimo vya miaka ya 1990 na baadaye vikalithibitisha. Tunaishi, basi, ndani ya nyumba yenye boriti, nasi tunazitazama nyumba nyingine za jinsi hiyo kwa mbali.

Kitovu cha NGC 4151 kilikuwa na siri. Ili kuieleza inatubidi turudi Roma kidogo. Katikati ya karne ya 19, Padre Angelo Secchi wa Shirika la Yesu alikuwa na kituo chake cha kutazamia nyota juu ya paa la Kanisa la Mtakatifu Ignasi. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuigawanya nuru ya nyota katika rangi zake na kuzipanga nyota kwa makundi kufuatana na mistari iliyomo katika rangi hizo. Mistari hiyo ndiyo inayoeleza nyota imeumbwa kwa vitu gani na vitu hivyo vinakwenda kwa kasi gani. Kwa njia hiyohiyo, mwaka 1943, Mmarekani Carl Seyfert aliichunguza nuru ya viini vya galaksi sita, na NGC 4151 ilikuwa mojawapo. Mistari aliyoiona ilikuwa mipana ajabu. Maana yake ni kwamba ndani ya kiini kile hewa ilikuwa ikienda mbio kwa maelfu ya kilomita kwa kila sekunde. Hakuna kundi la kawaida la nyota linaloweza kuipeleka hewa kwa kasi kama hiyo. Ni nguvu gani, basi, iliyokuwa ikiisukuma? Seyfert hakuwa na jibu, na wenzake wengi hawakuishughulikia hoja yake kwa miaka kadhaa.

Jibu lilihitaji nuru ya namna nyingine. Sote tumewahi kuisikia miale ya eksirei kutokana na hospitali. Vitu vya angani navyo huitoa, hasa pale ambapo hewa imepashwa moto wa mamilioni ya nyuzi. Lakini anga la dunia yetu huizuia isitufikie, na kwa kufanya hivyo huyalinda maisha yetu. Anayetaka kuiona hana budi apande juu ya anga. Tarehe 18 Juni 1962, kundi la wataalamu likiongozwa na Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia aliyehamia Marekani, lilirusha roketi iliyokaa juu kwa dakika chache tu. Hata hivyo iligundua chanzo cha kwanza cha miale hiyo nje ya mfumo wa jua letu. Dakika chache zilitosha kuonyesha kwamba kuna hazina. Hazikutosha kuihesabu. Kilihitajika chombo cha kukaa juu kwa miaka.

Hapa ndipo habari inapofika kwetu. Ndogo ya roketi inaweza kubeba mzigo mkubwa zaidi ikirushwa kutoka kwenye ikweta kuelekea mashariki, kwa kuwa mzunguko wa dunia unaipa msukumo. Tena, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta haipiti mahali ambapo chembe za mionzi zinazoizunguka dunia huvisumbua vyombo vya kupimia. Waitalia, chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, walikuwa wamesimamisha majukwaa ya chuma baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jukwaa la kurushia waliliita San Marco, yaani Mtakatifu Marko, na jukwaa la kuongozea kazi wakaliita Santa Rita. Urushaji wa kwanza wa setilaiti kutoka hapo ulifanyika tarehe 26 Aprili 1967, na wa mwisho mwaka 1988.

Tarehe 12 Desemba 1970, roketi ya Kimarekani iitwayo Scout, ikirushwa na mafundi wa Kiitalia, iliondoka San Marco ikiwa imebeba setilaiti ya uzito usiofika kilo 150. Ilikuwa mara ya kwanza setilaiti ya Marekani kurushwa na watu wa taifa jingine. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake. Marjorie Townsend, mwanamke mhandisi aliyeusimamia mradi huo kwa niaba ya Shirika la Anga la Marekani, aliipa setilaiti jina kwa heshima ya siku ile na ya nchi ile. Akaiita Uhuru.

Setilaiti ile haikuwa na kioo wala picha nzuri za kuonyesha. Ilikuwa na jozi ya vihesabio vilivyotazama pande mbili zilizokabiliana, ikajizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika kumi na mbili hivi, huku ikiizunguka dunia kwa muda unaozidi kidogo saa moja na nusu, kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 500. Kila ulipopita mbele yake mwale wa eksirei, ilihesabu. Kazi hiyo ya kuhesabu, isiyo na fahari, ilidumu hadi Machi 1973. Kabla yake vyanzo vilivyojulikana vilikuwa makumi machache. Toleo la nne la orodha ya Uhuru, lililochapishwa mwaka 1978, lilikuwa na vyanzo 339. Miongoni mwake kilikuwamo Cygnus X-1, ambacho mabadiliko yake ya haraka yalisaidia kukifanya kuwa cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali hata nuru haiwezi kutoka ndani yake.

Mwaka 1971, Giacconi na wenzake walitangaza kwamba Uhuru imeipokea miale ya eksirei kutoka kwenye galaksi mbili za Seyfert. Moja ilikuwa NGC 1275, na ya pili NGC 4151. Kiwingu alichokiandika Herschel mwaka 1787 kilikuwa kimesema neno jipya, na aliyelisikia ni chombo chenye jina la Kiswahili kilichoondoka katika maji ya pwani yetu.

Tulifikirie hilo kwa utulivu. Nuru huenda kilomita zipatazo 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka jua hadi hapa hutumia dakika nane na kitu. Kutoka NGC 4151 imetumia miaka ipatayo milioni 50. Miale iliyohesabiwa mwaka 1971 ilianza safari zamani sana kabla hapajakuwapo mtu wa kuitazama. Ikakuta kwamba kisahani cha kuipokelea kimetengenezwa na kupandishwa juu miezi michache tu iliyotangulia.

Tangu hapo wataalamu hawajaiacha. Waliona kwamba mwanga wa kiini chake hubadilika, mara kwa siku chache, mara kwa miaka. Mabadiliko hayo yanaeleza ukubwa, kwa sababu kitu hakiwezi kubadilika chote kwa muda mfupi kuliko ule ambao nuru inauhitaji kukivuka. Kwa hiyo kinachotoa nguvu nyingi kiasi hicho ni kidogo mno kikilinganishwa na galaksi nzima. Maelezo yanayokubalika leo ni kwamba pale katikati kuna shimo jeusi ambalo uzito wake ni makumi ya mamilioni ya mara uzito wa jua letu, na kwamba hewa inayolizunguka na kuanguka ndani yake huwaka kwa joto lisilosemeka. Shimo lenyewe halitoi nuru. Kinachong'aa ni kile kinachoelekea kumezwa.

Mwaka 1984 watafiti waliandika kwamba kiini kimefifia, na ile mistari mipana ya Seyfert ilikuwa karibu itoweke, baadaye ikarudi. Boriti nayo ikapata maana. Vipimo vya redio vya miaka ya 1990 vilionyesha hewa ya haidrojeni ikitiririka kwa kuifuata boriti, jambo linaloonyesha kwamba boriti za nyota zinaweza kuwa kama mifereji inayopeleka hewa kutoka pembezoni kuelekea ndani. Umbali wake ulisumbua watu kwa muda mrefu. Mwaka 2014 ulipimwa kwa njia ya vumbi la kiini ukawa kama miaka ya nuru milioni 62. Mwaka 2020, kwa kanuni ya Henrietta Leavitt na darubini ya angani iitwayo Hubble, ukapatikana kama milioni 51. Na chombo cha Kijapani XRISM, kilichorushwa Septemba 2023, kimeitazama tena galaksi hii katika miale ileile ya eksirei, kikiipambanua kwa usahihi ambao vihesabio vya Uhuru havikuweza kuukaribia.

Sasa turudi kwenye swali la vijana. Katika habari hii sisi tulitoa nini? Tulitoa ikweta, tulitoa bahari, tukatoa neno. Fedha zilikuwa za wengine, mahesabu yalikuwa ya wengine, na hesabu za miale zilisafirishwa kwenda kusomwa Marekani. Hatusemi hili kwa kinyongo. Aliyelichagua jina lile alituheshimu, na ugunduzi ule ni mali ya wanadamu wote. Lakini kukopesha jina si sawa na kushiriki kazi. Watu wa pwani yetu waliongoza vyombo kwa nyota karne nyingi kabla ya roketi. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alipata huko rubani wa kumvusha hadi India. Elimu ya anga haikuwa ngeni kwetu. Iliachwa ipoe.

Dalili za moto kuwashwa tena zipo. Kenya iliunda shirika lake la anga mwaka 2017. Mwaka 2018 setilaiti yake ndogo, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na kile cha Roma, iliachiliwa angani. Mwezi Aprili 2023 ikafuata Taifa-1. Hatua hizo ni ndogo, lakini safari hii mahesabu nayo yana mikono yetu. Mtoto wa Utemini anayeishika vema hisabati ya darasa la saba hayuko mbali na njia hiyo kama anavyodhani. Mzazi anayemwambia binti yake kwamba fizikia si ya wasichana na akumbuke kwamba orodha hii ina Henrietta Leavitt mwanzoni na Marjorie Townsend katikati.

Wako pia wanaoogopa kwamba kujua haya kutawapunguzia imani. Kanisa lenyewe limejifunza kwa uchungu katika jambo hili, na mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri hadharani kwamba waliomhukumu Galileo walikosea. Lakini ni Kanisa hilohilo lililokuwa na Padre Secchi juu ya paa la Mtakatifu Ignasi. Ndilo pia lililokuwa na Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1927 alieleza kwamba ulimwengu unapanuka, naye akajihadhari asiigeuze nadharia yake kuwa hoja ya katekisimu. Alisali kama padre, akahesabu kama mwanahisabati, wala hakuona kwamba kimoja kinamwibia mwenzake.

Tunawaombeni jambo moja la kufanya. Mwezi Mei ukifika, chukueni watoto wenu nje mara taa zikizimwa, muwaonyeshe Dubu Mkubwa upande wa kaskazini, kisha muwaambie kwamba juu yake kidogo iko galaksi wasiyoweza kuiona, ambayo neno la lugha yao liliwahi kwenda kuisikiliza. Halafu waacheni waulize maswali, hata yale tusiyoweza kuyajibu.